Tokeo la Bwana na keki ya wafalme: kipi kilitangulia?

Wiki ya kwanza ya Januari, maduka ya mikate nchini Ufaransa hujaa keki ya duara, bapa, yenye rangi ya dhahabu na michoro ya kisu juu yake. Huuzwa pamoja na taji la karatasi. Nyumbani, mtoto mdogo kuliko wote huambiwa aingie chini ya meza. Mtu mzima anakata keki, anagusa kipande kimoja kwa kisu na kuuliza: hiki cha nani? Mtoto, ambaye haoni kitu, anataja jina: cha bibi. Na hiki? Cha baba. Vipande hugawiwa hivyo mpaka vinakwisha, kisha kila mtu anatafuna taratibu, maana ndani ya kipande kimojawapo kumefichwa kisanamu cha kauri kidogo kama ncha ya kidole. Atakayekipata ndiye mfalme wa siku, na taji ni lake.

Siku yenyewe ni Tokeo la Bwana, yaani Epifania, Januari 6, ingawa katika nchi nyingi Wakatoliki huiadhimisha Jumapili iliyo karibu. Huku Afrika Mashariki hupita bila shamrashamra: Misa, mahubiri juu ya nyota na mamajusi, halafu watu wanarudi kwenye karo na sare za shule. Keki hiyo si yetu. Mjadala wake, hata hivyo, unatufikia. Msimu wa Noeli ukifika, simu hujaa ujumbe unaodai kwamba sikukuu za Kikristo ni za kipagani zilizobadilishwa majina, na keki ya wafalme hutajwa kama ushahidi: Warumi wa kale walikuwa na Saturnalia, sherehe yao ya Desemba, walimchagua mfalme wa karamu, basi Epifania ni Saturnalia iliyovikwa msalaba.

Dai hilo limefunga mambo matatu kwenye kifurushi kimoja: siku, wafalme na keki. Kila kimoja kina umri wake na kimetoka kwake. Ukivitenganisha, hadithi inakuwa ndefu zaidi, na kwa maoni yangu inapendeza zaidi.

Tuanze na siku. Kumbukumbu ya kale kabisa inatoka Misri. Karibu mwaka 200, Klementi wa Aleksandria, mwandishi wa Kikristo, aliandika kwamba wafuasi wa mwalimu aitwaye Basilides walikuwa wakiadhimisha ubatizo wa Yesu, wakikesha kwa masomo usiku wa kuamkia siku hiyo. Wengine waliiweka tarehe 15 ya mwezi wa Kimisri wa Tybi, wengine tarehe 11. Tarehe 11 Tybi ndiyo Januari 6. Angalia jambo linalosherehekewa hapo: ubatizo, maji ya Yordani. Hakuna mamajusi, hakuna nyota, hakuna mfalme yeyote wa duniani. Tena hao wa Basilides Kanisa lilikuwa likiwahesabu kuwa wazushi, kwa hiyo mizizi ya siku hii ina utata wa kutosha hata kabla hujawaingiza Warumi.

Miaka mia moja na sitini baadaye siku hiyo ilikuwa imeenea hadi Gaul, Ufaransa ya leo. Mwanahistoria Ammianus Marcellinus anasimulia kwamba mwaka 361 Juliani, mtawala wa Kirumi, akiwa katika mji wa Vienne huko Gaul, aliingia kanisani siku ya Epifania na kusali pamoja na watu. Juliani alikuwa ameshauacha Ukristo moyoni na kuirudia miungu ya kale, ila alitaka kulificha jambo hilo kwa muda ili asipoteze watu. Ammianus hakuwa Mkristo, hakuwa na sababu ya kuipamba siku hiyo. Anaitaja tu kama sikukuu ambayo Wakristo huifanya mwezi Januari. Mimi naiona habari hii kuwa nzito kuliko hoja nyingi. Mtu aliyetaka kuonekana Mkristo alichagua Epifania kujionyesha. Kama siku hiyo ingekuwa na harufu ya Saturnalia, isingemfaa kitu.

Makanisa mengi ya Mashariki wakati huo yaliweka kuzaliwa na kubatizwa kwa Yesu pamoja Januari 6. Desemba 25 ilikuwa desturi ya Roma, nayo ilisambaa polepole. Yohane Krisostomo, akihubiri Antiokia mwaka 386, aliwaambia waumini wake kwamba haijapita hata miaka kumi tangu waijue sikukuu ya Desemba. Noeli ilipopata tarehe yake, Januari 6 ikagawanyika: Mashariki ikabaki na ubatizo, Magharibi ikaegemea kwenye mamajusi. Waarmenia hawakukubali mgawanyo huo, na mpaka leo Kanisa lao la Mitume huadhimisha kuzaliwa na ubatizo siku moja. Ukitaka kuona siku hii ikiwa na sura yake ya maji, huna haja ya kwenda mbali: panda Ethiopia wakati wa Timket, Januari 19 kwa kalenda yetu. Makasisi hutoka na tabot, nakala takatifu ya mbao za Agano, wakiwa wameifunika vitambaa vya fahari vichwani mwao, wanakesha kando ya maji, na alfajiri maji hubarikiwa na kurushiwa umati. UNESCO iliiandika sherehe hiyo mwaka 2019 kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Keki haipo.

Sasa wafalme. Injili ya Mathayo, sura ya pili, inasema mamajusi kutoka mashariki. Haisemi ni wangapi. Haiwaiti wafalme. Haitaji jina la hata mmoja wao. Zawadi ndizo zilizokuwa tatu, dhahabu, uvumba na manemane, na kutokana na zawadi tatu wahubiri wa Magharibi wakapata watu watatu. Katika mapokeo ya Kisiria wao ni kumi na wawili. Ufalme wao ulitoka kwenye maandiko mengine. Zaburi ya 72 inaimba juu ya wafalme wa Sheba na Seba wanaoleta vipawa, na Isaya sura ya 60 inataja dhahabu na uvumba kutoka Sheba. Wasomaji wa kale waliyaweka maandiko hayo kando ya Mathayo, na mamajusi wakavikwa taji.

Hapa msomaji wa pwani yetu ana kitu cha kusema. Ubani tunaoufukiza nyumbani, katika maulidi na katika harusi, ni utomvu wa miti inayoota Dhofar kusini mwa Oman na upande wa pili wa bahari, Somalia. Manemane nayo hutoka kwenye vichaka vya ukanda huohuo mkavu. Mathayo anaposema mashariki, wasomaji wa Ulaya ya kaskazini walilazimika kubuni. Wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi walijua harufu yake.

Majina tunayoyajua, Gaspar, Melkiori na Balthazari, yalichelewa kufika. Yapo juu ya vichwa vya wale watatu katika picha ya vigae vidogo vya rangi kwenye kanisa la Sant'Apollinare Nuovo, mjini Ravenna, kazi ya karne ya 6. Umaarufu wao ulipaa mwaka 1164, wakati Rainald wa Dassel, askofu mkuu wa Cologne, alipohamisha kutoka Milan mifupa iliyoaminika kuwa yao. Alipewa na mfalme Frederick Barbarossa, ambaye alikuwa ameiteka Milan miaka miwili kabla. Cologne ikawatengenezea sanduku la dhahabu, mahujaji wakamiminika, na tangu hapo Ujerumani na majirani zake walikuwa na wafalme watatu wa kuonekana. Ni katika miaka mia tatu iliyofuata ndipo wachoraji walipoanza kumpa mmoja wao sura ya Mwafrika. Kufikia 1504, Albrecht Dürer alipochora kuabudu kwa mamajusi, mfalme mweusi aliyevaa vizuri hakuwa ajabu tena. Dunia nzima ya wakati ule, Ulaya, Asia na Afrika, ilitakiwa iwepo horini.

Januari 6 ikaitwa siku ya wafalme. Jina hilo ndilo lililoifungulia keki mlango.

Ni kweli kwamba Warumi walicheza mchezo wa mfalme. Saturnalia ilianza Desemba 17. Watumwa walikula na mabwana zao, watu walicheza kamari hadharani, na kikundi kilichoketi pamoja kilipiga kura kumpata mfalme wa kuamuru upuuzi: wewe imba, wewe cheza. Mwanahistoria Tacitus anasimulia kwamba mwishoni mwa mwaka 54 kura ilimwangukia Nero, mtawala kijana wa Roma, naye akamwamuru Britannicus, mtoto wa mfalme aliyetangulia, asimame aimbe, akitarajia kumwaibisha. Ni kweli pia kwamba maharagwe, ambayo ndiyo yaliyofichwa ndani ya keki kabla ya visanamu vya kauri kuja, yalitumika kupigia kura zama za kale. Athene iliwachagua maofisa wake hivyo. Lakini hakuna mwandishi wa Kirumi anayesimulia harage lililofichwa ndani ya keki ya Saturnalia. Tena sherehe hiyo ilikuwa imekwisha wiki mbili kabla ya Januari 6. Na maaskofu hawakuwa wakizichekea desturi za zamani: Mtaguso wa Tours wa mwaka 567, ambao ulizihesabu siku za kati ya Noeli na Epifania kuwa za sikukuu, ulitenga siku za mwanzo wa Januari kwa sala za toba, waziwazi ili kukanyaga mazoea ya mataifa ya kipagani.

Mfalme wa harage anajitokeza kwenye maandishi karne ya 14, katika hesabu za makasri: Uingereza, Navarra, Ufaransa. Yaani zaidi ya miaka 900 baada ya Saturnalia kufifia. Mtu anaweza kuamini kwamba mchezo uliishi chini kwa chini vijijini muda wote huo. Mimi naona maelezo mepesi zaidi: watu wenye sikukuu inayoitwa siku ya wafalme, katikati ya baridi, ghala likiwa bado na chakula, walihitaji mfalme mezani, na njia rahisi ya kumpata bila ugomvi ni bahati nasibu ya kuliwa.

Simulizi moja la zama hizo linastahili kusomwa polepole. Louis II, mtawala wa Bourbon aliyefariki 1410, alikuwa na desturi yake siku ya wafalme, kama ilivyoandikwa katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1429. Alitafutiwa mtoto wa miaka minane, maskini kuliko wote mjini. Mtoto huyo alivikwa mavazi ya kifalme na kupewa watumishi wote wa Louis wamhudumie. Kesho yake aliketi kwenye meza ya heshima, kisha msimamizi wa nyumba akapitisha mchango kwa ajili ya mfalme huyo mdogo. Mtawala alitoa livre 40, kila shujaa wa kasri faranga moja, wasaidizi wao nusu faranga. Pesa hizo walipewa wazazi wake ili mtoto asomeshwe. Huo ni mchango tunaoujua kabisa, wa kupitisha bahasha hadi ada ipatikane, tofauti ni kwamba mpokeaji alikuwa amevaa taji.

Moyo huo ulibaki ndani ya keki. Desturi ya Ufaransa ni kukata kipande kimoja zaidi ya idadi ya waliopo, kiitwacho sehemu ya maskini, sehemu ya Mungu au ya Bikira Maria, kwa ajili ya yeyote atakayebisha hodi. Karne ya 16, mwandishi Étienne Pasquier alishaueleza mchezo wote karibu kama tunavyouona leo, pamoja na mtoto chini ya meza.

Basi shutuma ya upagani ilitoka wapi? Ilitoka kanisani. Mwaka 1664 Jean Deslyons, mwanateolojia wa chuo cha Sorbonne, Paris, na dekano wa mji wa Senlis, alichapisha hotuba kali dhidi ya upagani wa wafalme wa harage na ule ukelele wa mezani, mfalme anakunywa. Mfalme aliyevishwa taji alipoinua kikombe, wote walilazimika kupiga kelele hizo, na aliyesahau aliadhibiwa. Jacob Jordaens wa Antwerp alichora tukio hilo mara kadhaa: mzee mnene mwenye taji, midomo wazi kila upande, mtu anatapika pembeni. Ukiitazama picha hiyo unaelewa kilichomuudhi padre. Watu walitakiwa wafunge mkesha wa Epifania na kuingia kanisani, wao wakalewa. Deslyons, akiwa msomi wa vitabu vya Kirumi, aliona ufanano na Saturnalia akaugeuza kuwa ukoo. Mwanasheria wa mji uleule wa Senlis alimjibu mwaka huohuo kwa kitabu cha kuitetea karamu ya mkesha huo. Watu wa Ufaransa waliwasikiliza wote wawili, wakaendelea kula.

Kwa hiyo ujumbe unaoletwa kwenye simu zetu kama siri iliyofichwa na Kanisa ni hoja ya padre, iliyochapishwa miaka zaidi ya 350 iliyopita. Alikuwa na haki ya kuchukia ulevi. Historia yake ndiyo dhaifu.

Kilichofuata kiliwasumbua zaidi wanasiasa. Neno mfalme lilikuwa hatari kuliko harage. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa wakuu wa Paris walijaribu kuifuta siku ya wafalme, na keki ikauzwa kwa jina la keki ya usawa. Ureno, ambako duka la keki la Confeitaria Nacional la Lisbon lilikuwa limeleta keki hiyo kutoka Ufaransa nusu ya pili ya karne ya 19, iliupindua ufalme mwaka 1910, na waokaji wakajikuta wanatafuta jina jipya la keki ya mfalme; wengine waliiita keki ya rais. Jina la zamani lilirudi. Hadi leo, keki kubwa inayopelekwa Ikulu ya Élysée kila Januari haina kisanamu ndani, desturi iliyoanza 1975, kwa sababu rais wa jamhuri hawezi kutoka mezani akiwa mfalme.

Uingereza ilichukua njia nyingine, na hapo ndipo keki hii inatugusa. Waingereza waliioka kwa matunda yaliyokaushwa na viungo, wakaweka harage la mfalme na njegere ya malkia. Samuel Pepys, ofisa wa jeshi la majini, aliandika katika shajara yake ya Januari 6, 1668 kwamba keki yao iligharimu karibu shilingi 20, ikapikwa na mtumishi wao Jane, na ikakatwa vipande 20. Mwigizaji Robert Baddeley, aliyefariki 1794, aliacha pauni 100 ziwekezwe ili waigizaji wa ukumbi wa Theatre Royal, Drury Lane, jijini London, wapate keki na mvinyo kila usiku wa Januari 6. Wanaikata hadi sasa. Katika karne ya 19 maduka ya London yalishindana kuipamba keki hii kwa sukari nyeupe ngumu, taji na wanasesere. Halafu Noeli ikaanza kumeza kila kitu. Kazi na viwanda havikusubiri siku kumi na mbili, siku ya wafalme ikafifia, na ile keki nzito ya matunda yenye aisingi nyeupe ikahamia Desemba 25.

Hiyo ndiyo iliyosafiri na wamisionari, masetla na vitabu vya mapishi hadi Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Keki ya matunda unayokatiwa harusini, nyeusi ndani, nyeupe na ngumu nje, ni ndugu wa damu wa keki ya mamajusi. Imepoteza harage lake na mfalme wake tu.

Kwingine mchezo ulinusurika na kubadilika. Mexico huoka keki ya mduara yenye tundu katikati, na anayekuta mtoto wa plastiki ndani yake huwadai wenzake subira: zamu yake ya kuwalisha tamales, vyakula vya unga wa mahindi vinavyopikwa kwa mvuke, ni Februari 2, sikukuu ya Kutolewa kwa Bwana Hekaluni. New Orleans huanza kula keki ya mfalme Januari 6 na haiachi mpaka siku moja kabla ya Jumatano ya Majivu. Mpata mtoto hununua keki inayofuata, na deni hilo huzunguka ofisini hadi Kwaresima iingie.

Kwa anayetaka kuijaribu jikoni, keki ya kaskazini mwa Ufaransa inataka oveni, kwa kuwa tabaka zake za unga na siagi hazinyanyuki bila moto mkali ulio sawa pande zote. Ndani huwekwa lozi zilizosagwa, zikachanganywa na siagi, sukari na mayai. Lozi zikiwa ghali, korosho hufanya kazi ileile na ladha yake haikosi kitu. Ya kusini, Provence, ni mkate laini wa hamira wenye mayai na maji ya maua ya machungwa, wa mduara, umepambwa kwa matunda ya sukari. Huo unaiva vizuri hata kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa, makaa yakipaliwa juu ya mfuniko. Cha kuficha ndani kiwe lozi nzima au harage kavu lililooshwa, na waliopo mezani waambiwe mapema kwamba limo.